Kumfikisha Mama Lucía kwa Don Evelio

Ijumaa iliyopita baada ya ibada mlinizunguka pale maegeshoni, kila mtu na swali lake. Nekesa alitaka habari za wanajeshi. Okello alitaka kujua nilikula nini. Mwingine, simtaji, aliniuliza kwa sauti ya chini kama niliuona "ule unga". Nilijibu vipande vipande mpaka gari likaja kutuchukua. Leo ni siku yangu ya mapumziko, chai iko mezani, naandika yote kwa mpangilio kama ninavyoandika ripoti ya zamu. Habari za tiketi, viza na barua za daktari nimeziacha. Zilikuwa nyingi na hazina ladha.

Kabla ya kuondoka

Kwa wasiomjua mgonjwa wangu: anaitwa Ofelia, ni mama wa Kikolombia wa miaka sabini na tisa. Alikuja Doha kumwona bintiye Lucía, mhandisi anayeishi mtaa wa The Pearl, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alipanga kukaa miezi mitatu. Mwezi wa pili akashikwa na nimonia, na alipotoka hospitalini mapafu yalikuwa yamechoka. Tangu hapo anaishi na mirija myembamba puani na mashine ya oksijeni yenye ukubwa wa mkoba. Mimi ndiye muuguzi aliyeajiriwa kumwangalia nyumbani, na nilikaa naye miezi kumi na minne.

Kwa mazoea yetu nilimwita Mama Lucía tangu siku ya kwanza. Alishangaa, maana kwao mama haitwi kwa jina la mtoto wake, kisha akalizoea mpaka akawa ananuna nikimwita Ofelia. Yeye aliniita "mija", yaani binti yangu. Tulizungumza Kihispania chake, Kiingereza kidogo, na maneno machache ya Kiswahili aliyoyaokota kwangu: pole, chai, bado, twende. Mazungumzo yake nitayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyaelewa.

Mumewe, Don Evelio, yaani Bwana Evelio, alibaki kwao milimani kwenye shamba dogo la kahawa. Ana miaka themanini na mitatu na kumbukumbu yake inapotea. Kila Jumapili walizungumza kwa simu ya video. Mwanzoni alimwuliza, "Unarudi lini?" Baada ya miezi kadhaa akawa anauliza, "Uko wapi?" Jumapili moja aliitazama simu kwa muda mrefu, halafu akamgeukia Marleny, mpwa wake anayemtunza, akasema, "Bibi huyu ana sura nzuri. Ni wa nani?"

Mama Lucía hakulia. Alikata simu, akaniambia, "Mija, nitafutie sanduku langu."

Daktari alikubali asafiri mradi awe na muuguzi. Lucía mwenyewe alikuwa na mimba ya pili, miezi minane, hakuruhusiwa kupanda ndege. Yule Lucía ni mtu wa namba. Kila saa mbili nilimbana mama yake kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, nikaandika kwenye daftari, na kila jioni Lucía alilisoma daftari hilo kama watu wanavyosoma gazeti. Ikiwa tisini na kitu, tulitabasamu. Ikishuka chini ya themanini na nane, tuliongeza oksijeni na kuanza kutazamana.

Mlangoni Lucía alinishika mikono yote miwili. "Mfikishe kabla baba hajamsahau kabisa. Na usimwache atembee peke yake hata hatua moja."

Hilo la pili halikuhitaji kusemwa. Kwenye kazi yetu mgonjwa akianguka, hakuna anayeuliza sakafu ilikuwaje. Wanauliza wewe ulikuwa wapi.

Nanyi marafiki zangu hamkunisaidia kulala. Okello alisema, "Njambi, huko watakuteka kabla hujaona hata sanduku lako." Nekesa alinipa kufuli nne na maagizo: nisibebe mzigo wa mtu, nisile peremende ya mtu, na nikisikia mtu anasema "huyu ni binamu yangu atakusaidia", nikimbie. Nilishona mfuko ndani ya blauzi nikatia pasipoti zetu humo, nikasafiri nikiwa na kifua cha mraba.

Doha hadi São Paulo

Saa kumi na tano angani. Tuliondoka asubuhi, tukalifukuza jua mchana kutwa, tukafika Brazili jua bado lipo. Nilikuwa nimeogopa sana sehemu hii, na hapakutokea lolote. Oksijeni ilikaa tisini na moja, tisini na mbili. Mama Lucía alikula trei yake na nusu ya yangu, akasali rozari mara mbili, na kila baada ya muda alinigusa goti akauliza kwa Kiswahili, "Bado?"

"Bado, Mama Lucía."

Mwarabu mmoja mzee aliyekaa upande wa pili wa ujia alimsikia mara nne, mara ya tano akamjibu yeye, "Bado!" Neno alikuwa amelijua tayari.

Tulilala hoteli ya ndani ya uwanja wa ndege. Asubuhi nilimkuta amekaa mbele ya kioo cha bafuni, anazivuta nywele zake chini kwa vidole. Alipoondoka kwao alikuwa na msuko mmoja mrefu hadi kiunoni. Alipolazwa hospitalini walizikata, na sasa zinaishia masikioni.

"Atanijua hivi?" akaniuliza.

Muuguzi hufundishwa asimdanganye mgonjwa. Nilimwambia avae hereni zake kubwa.

Bogotá

Mimi ni mtu wa Kinangop. Nimekulia kwenye baridi na miinuko, na nilipotoka ndegeni Bogotá ile hewa kali nyembamba niliipokea kama ndugu. Mama Lucía haikumpokea hivyo. Mji ule uko juu sana, na ndani ya nusu saa kifaa kilisoma themanini na nne. Nilipandisha mashine, ikasogea hadi themanini na saba, ikagoma hapo. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

Mpango wetu ulikuwa kukaa pale saa mbili tu, kisha ndege ndogo ya kushuka Armenia, mji ulio karibu na kwao. Niliwaandikia kwenye kundi letu la simu, "Tunasubiri ndege ya Armenia." Mnakumbuka mlivyonijibu. Okello: "Armenia si iko huko karibu na Urusi? Jamani, wameshamteka!" Nekesa akaanzisha maombi ya mnyororo. Nilikuwa nimebanwa kiasi kwamba sikuwaeleza kuwa Wakolombia nao wana Armenia yao, inayolima kahawa.

Halafu ubao ukabadilika. Mawingu yalikuwa yameufunika uwanja wa Armenia na ndege zote zilisimamishwa hadi kesho. Kulala Bogotá kulimaanisha kumlaza mgonjwa wangu juu ya mlima usiku mzima. Nilienda kaunta na Kihispania changu cha jikoni. Msichana wa pale alimtazama Mama Lucía, akazitazama nambari kidoleni, akaacha kaunta yake na foleni nzima ya watu, akaja kuchuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu.

"Nendeni kwa gari," alisema. "Mkishuka kwa muda wa saa mbili mtakuta joto na hewa nzito. Laleni Melgar, mji wa bondeni, kesho mvuke milima. Nina binamu yangu ana teksi."

Binamu! Nilimsikia Nekesa masikioni mwangu. Lakini kifaa kilisema themanini na sita, na Lucía, niliyempigia, alisema twende.

Binamu aliitwa Fabio, mtu wa miaka hamsini hivi, tumbo mbele, meno ya dhahabu mawili. Nilimwambia wazi kwamba nitapiga picha gari lake, namba ya gari na uso wake, nizitume kwa watu wangu. Nilidhani atakasirika. Alitoa kitana, akachana nywele, akaegemea boneti kama bwana harusi. Kisha akaomba kuiona picha, akasema tumbo limetokeza, tupige nyingine. Ile ya pili ndiyo mliyoiona.

Tuliondoka haraka. Katika haraka ile nilifanya kosa ambalo nitalikumbuka hadi nistaafu. Mashine ilikuwa inachajiwa ukutani kupitia adapta, maana waya wake wa Qatar una meno matatu manene na soketi za Kolombia zinataka mawili bapa. Niliuchomoa waya. Adapta niliiacha ukutani.

Kushuka Melgar

Barabara inateremka kama ngazi. Kila nusu saa tulivua nguo moja. Migomba ilitokea, halafu miembe, halafu watu wenye kaptura wakiuza mananasi. Kifaa kilisoma themanini na tisa, tisini, tisini na tatu. Mama Lucía alifungua dirisha, akaanza kumwuliza Fabio habari za kila mtu katika ukoo wake.

Kabla ya daraja moja niliona wanajeshi wawili wamesimama kando ya barabara, bunduki kifuani. Mmoja akaunyosha mkono wake kuelekea kwetu, dole gumba juu. Fabio hakupunguza mwendo.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simama, wewe! Amekusimamisha!" Kwetu mtu wa sare akiinua mkono barabarani, unasimama, na unaanza kutafuta leseni.

Fabio alishtuka akakanyaga breki. Tulisimama mbele ya mwanajeshi, kijana wa watu, ambaye naye alishtuka kuliko sisi. Aliinama dirishani. "Kuna tatizo, bwana?"

"Mama huyu anadhani umetusimamisha."

Mwanajeshi alinitazama, akauona mfuko wangu wa mraba kifuani, akacheka. Akaniinulia dole gumba taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Fabio akanieleza: ishara ile maana yake njia ni salama, safari njema. Miaka ya nyuma watu waliogopa kutembea kwenye barabara hizi, na ilifika wakati wanajeshi wakawekwa humo wawaonyeshe wasafiri kwamba sasa wanaweza kupita. "Mama yangu," alisema, "alikaa miaka kumi na moja bila kwenda kumwona dada yake aliyekuwa umbali wa saa tatu. Siku alipoliona dole gumba la kwanza alilia hadi mji wa Ibagué."

Baada ya hapo, kila tulipowapita, Mama Lucía aliwarudishia dole gumba, na mimi pia.

Melgar ni mji wa joto na mabwawa ya kuogelea. Tulikula mchuzi mzito wa kuku wenye ndizi, mihogo na magunzi ya mahindi ndani yake, chakula ambacho Okello angekilia machozi. Hapo ndipo nilipofungua begi nikakuta sina adapta. Hoteli haikuwa nayo. Duka la jirani lilikuwa na adapta za kila nchi isipokuwa ya meno yetu. Nilikaa kitandani nikapiga hesabu: betri moja imejaa, ya pili iko nusu. Jumla saa sita. Safari ya kesho saa tano. Na soketi ya gari la Fabio, aliniambia kwa huzuni, iliungua tangu alipochajia feni.

Saa sita kwa saa tano. Inatosha, nilijiambia, nikaandika kwenye daftari. Pale bondeni alilala bila mashine, tisini na mbili mpaka asubuhi.

Foleni ya Cajamarca

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tulipita Ibagué, barabara ikaanza kupanda, na saa nne kasoro, karibu na mji wa Cajamarca, tukakuta lori limesimama, mbele yake lingine, na mbele yake mlima mzima wa malori hadi macho yanapoishia. Usiku mvua ilikuwa imeporomosha udongo, barabara imezibwa.

"Mpaka lini?" niliuliza.

Fabio aliinua mabega. "Wakisema saa moja, ni tatu. Wakisema tatu, vua viatu."

Walisema tatu.

Mama Lucía alikuwa themanini na saba na mashine ikifanya kazi. Betri ya pili ilikuwa imekwisha tayari. Ile iliyojaa ilionyesha taa tatu kati ya nne. Nyuma kulikuwa na malori mengine, hata kugeuza hatungeweza. Nilianza kusali, kwa Kikikuyu, lugha ninayoitumia mambo yakiharibika kabisa.

Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha chakula, cha mbao, na mama mnene mwenye aproni ya maua akichoma mikate ya mahindi wanayoiita arepa. Ndani, madereva wapatao ishirini walikuwa wamejazana mbele ya televisheni wakitazama mpira. Mama wa kibanda alikuwa ametuona. Alikuja na vikombe viwili vya kinywaji cha moto, na nilipoonja nilishtuka: ni maji ya sukari guru, ile ile tuliyokuwa tukilamba utotoni, ila wao hutumbukiza kipande cha jibini humo kiyeyuke.

Fabio akamweleza habari za betri. Yule mama akanyosha mkono alichukue begi la mashine. "Nipe, soketi iko chumba cha nyuma."

Nililikumbatia. Sijui niseme nini kujitetea. Kichwani nilimwona akilichukua, akipita pazia la chumba cha nyuma, na mimi nikibaki na mgonjwa asiye na hewa katika nchi mliyoniambia watu wanatekwa. "Hapana," nilisema. "Asante. Hapana." Alinyosha mkono tena, nikarudi nyuma hatua moja. Taa ikashuka, zikabaki mbili.

Mama Lucía alinivuta sketi kutoka kwenye kiti chake. Pumzi zilimtoka neno kwa neno. "Mija. Unamwogopa mwanamke... anayechoma mahindi?"

Nilimtazama yule mama. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye kiwiko, na unga wenyewe ulikuwa wa mahindi. Nikampa begi.

Aliutoa waya wetu, akautazama ule mwisho wa meno matatu ya Doha, akacheka. Kisha akaugeuza mwisho wa pili, ule unaoingia kwenye mashine. Una matundu mawili, kama namba nane iliyolala. Aliangalia hapo kidogo, akaniacha, akatembea moja kwa moja hadi kwenye televisheni, na bila kumwomba mtu ruhusa akachomoa waya wake nyuma.

Mnawajua wanaume na mpira. Kelele zilizotoka mle ndani zingeweza kuporomosha mlima mwingine.

"Doña! Penalti! Ilikuwa penalti!"

"Nyie mna miguu, nendeni mkatazame mawingu," aliwajibu. "Huyu bibi anataka kupumua."

Waya wa televisheni uliingia kwenye mashine yetu kama uliozaliwa humo. Taa ya kijani ikawaka. Kumbe muda wote jibu lilikuwa nyuma ya kila televisheni na kila redio, Melgar kote, hata chumbani mwetu, na mimi na mafunzo yangu yote sikufikiria kutazama mwisho wa pili wa waya.

Tulikaa pale chumba cha nyuma kwa muda wa saa nne, katikati ya magunia ya unga. Pazia liliachwa wazi ili nisiogope. Yule mama alilifunga fundo mwenyewe. Madereva walijipanga nje wakizunguka simu moja yenye ufa, na mmoja wao kila baada ya dakika chache aliingiza kichwa kumpa Mama Lucía matokeo. Rangi ya midomo ilirudi. Alikula arepa mbili. Alipoambiwa timu ya kwao imefungwa, aliuliza refa ni nani.

Saa nane mchana honi zikaanza kulia kutoka mbele kuja nyuma. Njia imefunguliwa. Betri zote mbili zilikuwa na taa nne. Nilitaka kurudisha waya, yule mama akaukunja akautia begini mwangu. "Mpira umeisha," alisema.

Gari la mwisho

Tulipita handaki refu chini ya mlima, na upande wa pili mchana ulikuwa mwingine: mabonde ya kijani kila rangi ya kijani, kahawa mpaka kwenye miteremko mikali, migomba imesimama katikati yake kama walinzi. Nimeona nchi nzuri, na ya kwetu ni mojawapo. Hii nilishindwa kuiandika kwenye daftari.

Mama Lucía alikuwa amevaa zile hereni kubwa.

Barabara ya kwenda kitongojini kwao gari dogo haliiwezi, kwa hiyo mjini Calarcá tulihamia jeep, yale magari ya zamani ya kijeshi ambayo kule yanabeba kila kitu. Letu lilikuwa na magunia, godoro, na kuku sita waliofungwa miguu. Kiti cha magurudumu kilifungwa juu kwa kamba. Fabio aliegesha teksi yake akapanda nasi.

"Kazi yako imeisha," nilimwambia.

"Nimekaa siku mbili naambiwa habari za Don Evelio," alijibu. "Unataka nirudi nyumbani mke wangu aniulize ilikuwaje, nimwambie sijui?"

Kwa Don Evelio

Tulifika saa kumi na moja jioni, jua bado liko kwenye vilele. Nyumba ni ndefu, ya chini, milango imepakwa rangi nyekundu, na kahawa imeanikwa uani. Mzee mmoja mwembamba mwenye kofia alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani akimenya maharage. Alipotuona alisimama, akavua kofia.

Nilimshusha mgonjwa wangu, nikamfunga mkanda wa kiti, nikaweka mirija sawa, nikamsukuma hadi mbele yake. Nilikuwa na sentensi ya Kihispania niliyoifanyia mazoezi tangu São Paulo. Niliitamka kwa fahari yote niliyokuwa nayo: "Don Evelio, Mama Lucía amefika!"

Uso wake uliwaka. "Lucía? Lucía wangu?" Akatupita. Akaenda hadi kwenye jeep, akachungulia ndani, akamsogeza Fabio pembeni, akatazama nyuma ya godoro. "Yuko wapi? Lucía yuko wapi?" Sauti ilianza kutetemeka. "Lucía yuko mbali. Ana mtoto mdogo. Nani amemleta?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza angejua nimemtaja nani. Yeye alikuwa amesikia jina moja tu, la binti yake, na nilikuwa nimemtuma kumtafuta mtu asiyekuwepo.

Marleny alitoka mbio akamshika mkono. "Mjomba, tazama vizuri. Ni Ofelia. Ofelia wako amerudi."

Alirudi, akatazama. Aliona kiti cha magurudumu, nywele fupi, mirija puani, na mwanamke mweusi wa sare nyeupe nyuma yake. Akajikaza, akainamisha kichwa kwa adabu kubwa. "Karibu sana, bibi. Marleny, mletee mgeni kahawa."

Nilisikia Fabio akivuta pumzi. Mama Lucía akaufungua mkanda wa kiti.

Mkono wangu uliwahi. Miezi kumi na minne mkono wangu umewahi. "Mama Lucía, hapana. Kaa."

Alivua mirija puani, akaiweka mapajani. Aligeuka akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Bado, mija?"

Nilitazama kidoleni. Themanini na nane. Baraza ilikuwa ya saruji iliyong'arishwa, aina ile inayoteleza. Nilimfikiria Lucía mlangoni, hata hatua moja. Nikauondoa mkono.

"Twende," nikasema.

Alisimama. Alitembea akishika ukuta, mimi nyuma yake mikono imetanda kama ninayefukuza kuku, bila kumgusa. Hatua kumi na mbili hadi mlango wa jikoni. Alisimama pale akinusa. Jikoni kulikuwa na sufuria juu ya moto na povu linapanda.

"Evelio!" Sikujua bado ana sauti ile. "Evelio, maziwa!"

Mzee aliruka. Aliruka kama mtu aliyekaripiwa kwa sababu hiyo hiyo kwa miaka hamsini, maharage yakamwagika, akatupita mbio na kofia mkononi. "Nayaona, Ofelia, nayaona!" Akaiondoa sufuria kwa kofia. Maziwa yalimwagika jikoni kote.

Kisha akasimama, mgongo kwetu. Aliweka sufuria chini polepole. Aligeuka, akamtazama kuanzia juu.

"Umekata nywele," alisema.

"Zitaota."

Akavuta kigoda, akakipangusa kwa kofia yenye maziwa, akamkalisha. Mimi nilitoka nje kuchukua mashine. Fabio alikuwa barazani amepiga magoti, anaokota maharage, na hakutaka kuinua uso.

Doha tena

Nilikaa kule wiki mbili, nikamfundisha muuguzi wa mji ule na Marleny kila kitu, pamoja na habari ya mwisho wa pili wa waya. Kurudi hakuna la kusimulia. Kufuli za Nekesa ziko hapa, zote nne. Mbili sikuzifungua kwa kuwa funguo zilipotea, na hakuna mtu aliyejaribu kuzivunja.

Siku niliporudi nilikwenda The Pearl kumkabidhi Lucía daftari. Alikuwa na mtoto mchanga begani. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, na nambari za Bogotá alizipitia kwa kidole. Halafu kidole kikasimama.

"Hapa hakuna kitu. Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka kesho yake asubuhi. Saa kumi na nne. Oksijeni ilikuwa ngapi?"

"Sijui," nilimwambia. "Nilisahau kupima. Alikuwa jikoni."

Alilifunga daftari, akampigia mama yake.

Don Evelio alitokea kwenye simu, sura karibu sana, pua tupu. Aliniuliza mimi ni nani. Aliambiwa. Baada ya dakika akaniuliza tena, akaambiwa tena. Akauliza mtoto yule ni wa nani. Kando yake, hereni moja kubwa ikiingia na kutoka kwenye picha, kulikuwa na mtu anamvuta ukosi wa shati aunyoshe, na kuhusu huyo hakuuliza.